Mjomba Alikuja na Samaki

Siku timu yetu ya Ndanda iliposhuka daraja nilikuwa nyuma ya nyumba naosha ming'oko, vile viazi vya porini. Ming'oko inatoka porini na mchanga wake wote, usipoisugua vizuri mteja anatafuna kokoto, kwa hiyo nilikuwa nasugua mmoja mmoja kwenye beseni huku redio iko juu ya ndoo. Ilikuwa Julai 2020. Mtangazaji alizitaja timu zinazoaga Ligi Kuu bila kupumua kati ya jina na jina. "Ndanda," akasema, kisha akataja inayofuata. Nilibaki nimeshika mng'oko mmoja, nausugua palepale, mpaka ganda likatoka lote.

Usiku nililia. Mume wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia jino. Nilikuwa na miaka 33, mama wa watoto wawili, na nilimdanganya mume wangu kwa sababu niliona aibu kusema nalilia timu ya mpira. Aibu ile ndiyo iliyonifanya niandike haya, maana najua siko peke yangu.

Kwa asiyeifahamu Mtwara: Ndanda ni jina la mji mdogo wa Masasi, lakini timu ilikuwa inachezea hapa mjini, Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Huku kusini tulikuwa tumezoea kuisikia ligi redioni kama kitu cha watu wa Dar, Mbeya na Mwanza. Mara ikawa inachezwa mahali ninapofika kwa miguu. Neno la jukwaani lilikuwa "Kuchele!", yaani kumekucha. Mtu mmoja anaanza kule juu, Kucheleee, uwanja mzima unaitika. Mimi nilikuwa nje getini na sinia langu la ming'oko na mihogo ya kukaanga, birika la chai pembeni, na ile sauti ilikuwa ikipita juu ya ukuta kabla sijajua kama ni goli au ni kona tu. Kipindi cha pili kikifika katikati, geti huwa linalegea. Hapo nilikuwa namwachia mwenzangu sinia nikaingia. Mechi nyingi za Ndanda nimeziona namna hiyo, robo saa ya mwisho, timu ikiwa inalinda goli lake moja kwa roho mkononi au inatafuta sare watu wamesimama wote. Ukiijua timu kwa dakika zake za mwisho tu, unaipenda kwa namna nyingine kabisa.

Siku ya Simba au Yanga nilikuwa namaliza biashara kabla ya saa nane mchana. Siku hizo zilinipa hela, zikanipa na uchungu, kwa sababu uwanja ulikuwa unajaa watu wa Mtwara waliovaa jezi za wageni. Mimi mwenyewe ni Yanga, nimeirithi kwa baba. Lakini Yanga ilipokuja Nangwanda nilikuwa Ndanda, na sikuona ugumu wowote. Shemeji unaweza kumpenda sana, ila akija kugombana na ndugu yako ndani ya nyumba yenu unasimama na ndugu yako. Nililisema hilo pale getini, wateja wengine wakanuna, na mpaka leo nalisema. Timu ya nyumbani ikikosa watu wa kuilia, itashuka na hakuna atakayejua kama imeshuka.

Misimu sita. Halafu ule mwezi wa Julai.

Kilichonitesha ni kukosa wa kulia naye. Tarehe 24 ya mwezi huohuo Mzee Mkapa, rais mstaafu, alifariki, mtoto wa Lupaso, Masasi, na tarehe 29 akazikwa kijijini kwake. Mkoa ulikuwa msibani. Nani angesikiliza habari za Ndanda? Mimi mwenyewe nilimlilia Mzee kwa machozi ya kweli, na ndani ya kilio kile nikaficha kingine kidogo.

Simba au Yanga ikifungwa nchi nzima inajua. Utachekwa, utarushiwa maneno, utajibu, siku inapita. Ndanda iliposhuka hakuna aliyenitania. Nilipita kijiwe cha kahawa asubuhi nikitegemea hata mtu mmoja aseme "pole, mama Kuchele", maana ndivyo walivyokuwa wananiita. Walikuwa wanazungumzia bei ya saruji. Mteja wangu mmoja, mtu mzuri tu, alipoona nimepooza akaniuliza, nikamweleza. Akasema, "Ni mpira tu, dada." Akalipa chai yake akaondoka.

Ni mpira tu. Neno hili nimelisikia mara nyingi, na kila mara limetoka kwa mtu anayetaka kuondoka. Kwangu ule mpira ulikuwa ada ya shule ya mwanangu mkubwa. Ulikuwa wasichana watatu wa kuuza maji niliokuwa nakutana nao kila mechi, na mzee mmoja aliyekuwa anakuja uwanjani na redio yake sikioni, anaisikiliza mechi hiyohiyo anayoiona kwa macho. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema macho yake yanamwambia tumefungwa, redio inamwambia tumefungwaje. Timu iliposhuka yule mzee sikumwona tena. Sikuwahi kujua anakaa wapi, tulikuwa tunajuana kwa pale getini tu. Watu wanadhani shabiki analilia pointi. Mimi nilikuwa nawalilia watu ambao sikuwa na namna nyingine ya kukutana nao.

Wenzangu wengine walihamishia mapenzi Ruangwa, kwa Namungo. Msimu uleule tulioshuka sisi, wao walikuwa wageni kwenye ligi na wakamaliza nafasi ya nne, na tarehe 2 Agosti wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba kule Sumbawanga, wakafungwa 2-1. Jirani ni jirani, niliwaombea. Kuhama sikuweza. Kuna mama mmoja wa Lindi ananiletea samaki wakavu, Namungo damu. Mwaka 2021 timu yake ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapangwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikapoteza mechi zote sita. Nilimpa pole. Akanikazia macho: "Pole ya nini? Juzi tu hapa mimi Raja nilikuwa siijui. Sasa na wao wananijua." Nilicheka naye, ila moyoni nilimwonea wivu. Alikuwa na wenzake wa kufungwa nao.

Sasa nije kwa mjomba.

Mjomba ni kitinda mimba wa kwao, mdogo wake mama. Anakaa Mikindani, ni mvuvi, na ni Simba kuliko mtu yeyote ninayemjua. Huku kwetu mjomba ni mtu mzito, ana neno kwenye ndoa yako na kwenye msiba wako. Kwa ukoo si mtani wangu, ni wa kumwamkia kwa adabu na kukaa chini. Simba na Yanga ndizo zilizotupa ruhusa ya kutaniana, tangu nikiwa msichana mdogo.

Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza, tarehe 28 Mei, kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa kule Dar, tulifungwa 2-1. Mayele alisawazisha dakika ya 82 na tukiwa bado tumekumbatiana wale Waarabu wakafunga la pili. Ya marudiano, tarehe 3 Juni kule Algiers, nilikwenda kuangalia kibanda umiza cha Chikongola, mabati juu na maturubai pembeni, kiingilio buku kwa sababu ni fainali. Wanawake tulikuwa watatu, tumekaa benchi la karibu na mlango. Dakika ya saba Djuma Shaban akafunga penalti. Kibanda kilinyanyuka, nilidhani bati litang'oka. Kipindi cha pili kipa wetu Diarra akadaka penalti ya wenyeji, watu wakawa wanaambiana leo ipo, leo ipo. Haikuwepo. Filimbi ikalia tumeshinda 1-0, jumla 2-2, na kombe limebaki Algeria kwa goli la ugenini: wao walifunga mawili kwetu, sisi moja tu kwao.

Kijana mmoja wa mbele yetu alipiga makofi mara mbili, akaacha, akaangalia viganja vyake. Timu yake imeshinda, sasa ashangilie? Hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Watu walitoka kimya kimya, na muuza kahawa wa pale mlangoni hakudai hela kwa waliokuwa wanadaiwa.

Nilifanya kosa usiku ule, nalisema ili mwingine asilifanye. Niliwasha simu. Makundi yalikuwa yanawaka, picha za kejeli, sauti za watu wanaocheka, na mimi nikawa najibu. Nilimjibu mtu nisiyemfahamu maneno ambayo nisingependa mwanangu ayasikie. Mpaka saa nane usiku niko kitandani na ile taa ya simu usoni, tumbo tupu tangu mchana, kichwa kinagonga. Uchungu wa kufungwa nilikuwa nao tayari, simu ikaniongezea hasira za watu elfu ambao hata Mtwara hawajafika. Siku hizi timu ikifungwa simu inalala kabatini na mimi nakula kwanza, hata kama ni kwa kujilazimisha. Ukiona mtu ana njaa na amefungwa, usizungumze naye kitu kingine mpaka ale.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mlango ukagongwa. Mjomba. Amevaa jezi nyekundu, mkononi changu wawili wamefungwa kwa ukindu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Poleni wafiwa."

Nikanyamaza.

"Nimekuja na rambirambi," akasema. "Wawili. Yale magoli ya Waarabu kwa Mkapa, kila goli na samaki wake."

Nilitamani kumfungia mlango. Alipita ndani, akaomba kisu na sinia, akakaa kwenye kigoda uani akaanza kuparua magamba. Aliwaparua wale samaki taratibu sana, kana kwamba hana bahari inayomsubiri. Habari za mpira hakuzirudia tena. Aliuliza watoto wanaendeleaje, akauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Samaki walipoiva akanisogezea sahani: "Kula, mpwa wangu." Nilikula mpaka nikashtuka jinsi nilivyokuwa na njaa. Alipokuwa ananawa mikono akasema kitu kimoja tu, hakunitazama: "Fainali si kitu kidogo. Sisi tunaijua." Akaaga.

Siku kadhaa zilipita ndipo nikakumbuka mazishi ya bibi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Watani walikuja, mmoja akavaa kanga ya marehemu akawa anatembea kama bibi, anachechemea mguu uleule, anawaita watu kwa sauti yake. Mwingine aliingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Mama yangu alikuwa hajafumbua mdomo tangu usiku. Akacheka. Alicheka na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza, akalia vizuri, kisha akanywa uji. Nikiwa mtoto niliwaona wale watani hawana adabu. Lakini ndio waliochimba kaburi, na ndio waliobeba maji. Yule mzee wa kanga alikuwa wa mwisho kuondoka.

Sisi tunaziita Simba na Yanga watani wa jadi, tunalitumia neno hilo kila siku na tumesahau uzito wake. Mtani anakucheka akiwa amefika kwako. Ameacha kazi zake, ameona macho yako, anajua leo akucheke kiasi gani. Hilo mjomba alilijua kwa sababu wazee wake walilijua. Mimi nilikuwa nimelila tu, pamoja na samaki wake.

Na ushahidi kwamba sikuwa nimelielewa ulikuja mwezi wa kumi na moja, mwaka uleule.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilimfunga Simba 5-1. Kwa mtu wa Yanga siku ile haielezeki. Tangu filimbi ya mwisho nilimtumia mjomba picha ya kiganja, vidole vitano, kila baada ya saa moja mpaka usiku wa manane. Asubuhi nikanunua samaki watano, nikampa kijana wa bodaboda nauli ya Mikindani, nikamwambia akifika apige honi nje ya nyumba na aseme kwa sauti hii ni rambirambi kutoka kwa Wananchi, yaani sisi Yanga. Niliona nimelipa deni la Juni na riba.

Sikujua ya ndani. Ilikuwa msimu wa korosho, malipo ya mnada yameanza kuingia, na kijana wa mjomba alikuwa ameweka laki nne za familia kwenye mkeka, yaani amebeti, Simba ashinde. Nyumba ilikuwa haina maelewano tangu usiku, mama mtu analia, baba mtu kajifungia. Honi ya bodaboda na watu wa mtaa kutoka nje kucheka vikawakuta hapo.

Mjomba hakupokea simu yangu wiki tatu. Ya nne nilifunga genge siku nzima, nikachukua sukari na unga nikaenda na mwanangu mdogo. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikaomba radhi kama mpwa anavyoomba, sikugusa mpira. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Samaki hawakuwa na kosa. Kosa hukuja nao."

Kuhusu mikeka nitasema kwa kifupi maana inanikera. Kufungwa na kuliwa hela ni vitu viwili, na vikikaa pamoja ndani ya mtu mmoja havitengani tena. Binamu yangu yule hakuwahi kuomboleza Simba. Aliombolezea laki nne, na mpaka leo hawezi kuangalia mechi bila mguu kumtetemeka. Yeye aliyekuwa anajua kikosi chote cha Simba kwa namba za migongoni. Mpira wenyewe ulimwishia siku ile. Kwenye genge langu mtu akitandaza mkeka juu ya meza namwomba akaujazie kwingine, akinuna anune.

Aprili 2024 ndiyo zamu ya mwanangu ilipofika.

Yanga ilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na Mamelodi Sundowns. Nyumbani 0-0. Tarehe 5 Aprili, Ijumaa, marudiano Pretoria, na sisi tuko kumi la mwisho la Ramadhani. Mwanangu mdogo alikuwa na miaka kumi, mwaka wake wa kwanza kufunga mwezi wote, amefunga zote bila kudokoa. Baada ya futari na tarawehe akaenda na baba yake kwa jirani mwenye televisheni kubwa. Mimi nilisikiliza redioni huku nakanda unga. Kipindi cha pili Aziz Ki akapiga shuti, likagonga mwamba wa juu likashuka chini, marejeo yakaangaliwa, goli likakataliwa. Baadaye niliiona ile picha, na kwa macho yangu mpira ule ulivuka mstari. Mechi ikaisha 0-0, zikaja penalti, tukatolewa 3-2.

Mtoto alirudi bila kuongea akaingia kulala. Saa kumi usiku nikamwamsha kwa daku. Wali, samaki wa nazi, na chai ya maziwa anayoipenda. Alikaa mbele ya sahani mikono mapajani.

"Kula baba, adhana inakaribia."

"Sina njaa."

"Utashindaje kesho?"

"Mama, ule mpira si uliingia?"

Nilikuwa na lile neno ulimini. Ni mpira tu, kula ulale. Lilifika kabisa kwenye meno. Nikamwona jinsi alivyokuwa anashikilia midomo isitetemeke, mtoto wa miaka kumi anaona aibu mbele ya mama yake, nikajiona mimi na jino langu.

"Uliingia," nikamwambia. "Mimi naona uliingia."

"Sasa kwa nini tumetolewa?"

"Sijui, baba. Inauma sana."

Hapo ndipo alipolia, na nikamwacha alie, sikumwambia nyamaza. Alipotulia nikamsimulia Ndanda. Nilimsimulia yote, geti, Kuchele, yule mzee wa redio, beseni la ming'oko, na namna nilivyolia usiku nikasingizia jino. Sikuwahi kumsimulia mtu. Alisikiliza mdomo wazi, kisha akauliza kama Ndanda watarudi. Nikamwambia nawasubiri.

Nilipogeuka mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji.

"Lile jino," akasema.

"Lile jino."

Alikaa chini akavuta sahani ya mtoto katikati, akaanza kula kwenye sahani ileile, na mtoto naye akatia mkono. Walikula haraka maana adhana ilikuwa karibu. Hawakuimaliza, ila aliponiambia amenuia kufunga niliona uso umerudi. Kwa watoto nimejifunza hilo moja, na sijaona haja ya jingine: usimkatie uchungu wake bei. Kinachomuuma mtoto kwenye mpira ndicho kitu kikubwa alichonacho kwa wakati ule, na namna utakavyompokea hapo ndivyo atakavyokuja kwako siku ya makubwa zaidi.

Mei 2025 ikawa zamu ya Simba. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane. Kule Morocco Simba walifungwa 2-0, marudiano yakachezwa Zanzibar, Uwanja wa Amaan, Jumapili ya tarehe 25. Mimi ni Yanga, sitadanganya kwamba niliiombea Simba. Lakini Mutale alipofunga mapema nilimfikiria mjomba tu, moyo wake na presha yake. Kipindi cha pili Simba wakabaki kumi baada ya kadi nyekundu, wakafunga goli, likafutwa, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Jumla 3-1.

Usiku ule niliosha ming'oko. Nikachemsha sufuria ndogo, nikachagua mitatu mirefu nikaiweka juu kabisa. Asubuhi nikapanda daladala ya kwanza.

Mjomba alikuwa ufukweni amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, nyavu magotini, hashoni. Jezi hakuvaa. Nilivua viatu nikatembea kwenye mchanga mpaka nilipomfikia.

"Shikamoo mjomba. Poleni wafiwa."

Alitazama sufuria. "Mingapi?"

"Mitatu ya juu ndiyo rambirambi. Ya chini ni chai yako."

Hakucheka. Alitingisha kichwa, akasogea, nikakaa kando yake. Maji yalikuwa yamekupwa na watoto walikuwa wanaokota chaza. Sikusema kitu. Nilikuwa nimejifunza kwake kwamba ukishafika huna haraka ya kusema.

Baada ya muda mrefu akaanza yeye. Novemba 1993. Alikuwa na miaka 24, anabeba mizigo Kariakoo. Simba ilikuwa fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, ugenini wametoka 0-0, na mji mzima unajua kombe ni letu. Alikusanya hela wiki nzima akaingia Uwanja wa Taifa, ule wa zamani, Uhuru wa sasa. Simba ikafungwa 2-0 nyumbani. Alirudi Kariakoo kwa miguu. Hakumkumbuka aliyefunga, alikumbuka kwamba njia nzima alikuwa anapita katikati ya watu na kila mtu ana mwenzake.

"Nilikuwa mgeni mjini," akasema. "Nilikaa siku mbili chumbani. Nilitamani hata mtu wa Yanga agonge mlango anicheke. Hakuja mtu."

Nikaelewa wale changu wawili walikuwa wametoka wapi.

Alikata mng'oko wa kwanza, akanipa nusu. Tukala tukitazama maji. Akachukua wa pili, akauma, akatafuna taratibu, akasimama kutafuna.

"Huu una mchanga," akasema.

"Niliuosha usiku, mjomba. Taa ilikuwa hafifu."

Akaendelea kuula.